Skripti ya kuzima ndiyo inayolinda kilo za mkulima

Nasimamia databesi ya mizani na stakabadhi kwenye ghala moja la mazao hapa Mtwara mjini. Tuna seva mbili zinazoendesha PostgreSQL, programu ya databesi, moja kuu na nyingine pacha wake anayenakili kila kinachoandikwa kwenye kuu, na juu yake kuna klasta ya Pacemaker na Corosync: Corosync huziwezesha seva kusikilizana, na Pacemaker huamua ipi ifanye nini. Wenzangu wa Lindi, Masasi na Nachingwea wanaofanya kazi kama yangu huniuliza swali lilelile: ukishakuwa na seva mbili si umemaliza? Moja ikilala, nyingine inashika.

Hujamaliza. Seva mbili zenye skripti, yaani mafaili ya amri za kuwasha na kuzima, zisizosema kweli ni hatari kuliko seva moja. Seva moja ikizima, kazi inasimama na kila mtu anaona imesimama. Seva mbili zikidanganywa, kazi inaendelea, malori yanasonga, karatasi zinatoka kwenye printa, na huku rekodi zinagawanyika pande mbili bila mtu kujua. Bora mara mia foleni isimame.

Kwa msomaji asiyejua mambo ya huku kusini, mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kwenye korosho msimu wa 2007/2008, baada ya sheria yake kupitishwa mwaka 2005. Mkulima hapokei pesa siku anapoleta mzigo. AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, inapokea, korosho zinasafirishwa hadi ghala kuu, zinapimwa, stakabadhi inaandikwa, mnada unafanyika, ndipo malipo yanaingia benki. Kati ya siku ya kupima na siku ya kulipwa, mtu wa Nanyamba au Kitangari hana korosho na hana hela. Alichonacho ni mstari mmoja kwenye databesi, pamoja na karatasi inayofanana na mstari huo. Nikiandika skripti huwa namfikiria huyo mtu, wala siandiki kwa ajili ya seva.

Sasa tuingie ndani.

Jambo la kwanza ambalo watu hawalitilii maanani ni kwamba Pacemaker haijui PostgreSQL ni kitu gani. Haijui pia Apache ni nini wala diski ni nini. Inachojua ni kuita skripti na kuipa neno moja: `start`, `stop`, `monitor`, na kwa databesi yenye kuu na pacha, `promote` na `demote`. Skripti inafanya kazi yake, halafu inapomaliza inaacha namba. Klasta haisomi maneno uliyoyaandika, inasoma namba tu. Ukiita `monitor`, 0 maana yake kitu kinafanya kazi, 7 maana yake kimezimwa salama, 8 maana yake kinafanya kazi na ndicho kikuu, 1 maana yake kuna tatizo. Maamuzi yote makubwa, nani apandishwe kuwa kuu, nani azimwe, anwani ya mtandao ambayo mizani huandikia ihamie wapi, yanatokana na namba hizo.

Skripti niliyoikuta hapa nilipoanza kazi ilikuwa na sehemu ya kuzima yenye mistari mitatu. Wa kwanza ulichukua namba ya mchakato mkuu kutoka kwenye faili la `postmaster.pid` na kuutumia `kill`. Wa pili ulilala sekunde 5. Wa tatu ulikuwa `echo "databesi imezimwa"`. Basi.

Isome tena polepole. Skripti ya shell isipoambiwa vingine hurudisha namba ya amri yake ya mwisho. Amri ya mwisho ni `echo`, na `echo` karibu haishindwi kamwe. Kwa hiyo skripti ile ilijibu 0 kila siku, databesi iwe imezima, iwe inazima, iwe haijaguswa. Tena kuna jambo baya zaidi kwenye ule mstari wa kwanza. `kill` ikitumwa bila maelezo hutuma SIGTERM, na mchakato mkuu wa PostgreSQL ukipokea SIGTERM huingia kwenye kile wanachokiita kuzima kistaarabu: unakataa wageni wapya, ila waliokwisha kuingia unawaacha waendelee na kazi mpaka watoke wenyewe. Waendelee kusoma, na waendelee kuandika.

Fikiria basi hali hii. Klasta inaamua kuhamisha kazi. Inaiambia seva kuu izime. Skripti inajibu 0 baada ya sekunde 5. Klasta inaamini, inampandisha pacha, anwani inahamia kwake, mizani zote zinaanza kuandika huko. Lakini kwenye seva ya zamani kuna programu ya kutoa stakabadhi inayokaa humohumo, inayoongea na databesi kupitia soketi ya ndani, haihitaji ile anwani. Hiyo bado iko ndani na bado inaandika. Namba za stakabadhi zinatoka kwenye mfuatano, yaani kaunta iliyo ndani ya databesi, na sasa mfuatano upo sehemu mbili, kila mmoja unahesabu wake. Stakabadhi mbili zenye namba moja, kilo tofauti, wakulima tofauti. Nani atalipwa? Hakuna amri ya kompyuta inayoweza kujibu swali hilo. Litajibiwa kwa watu kukaa na makaratasi, kubishana, na mnyonge ndiye atakayeumia.

Ndiyo maana nasema `stop` ndiyo skripti yenyewe. `start` ikifeli, hakuna data inayopotea. `stop` ikidanganya, umeumiza watu.

Ya kwangu inaanza kwa kuuliza kama databesi tayari imezimwa. Kama imezimwa, inajibu 0 palepale, kwa sababu kuzima kilichozimwa ni mafanikio, na klasta huita `stop` hata pasipo na kitu cha kuzima. Kama inafanya kazi, kwanza inatuma `CHECKPOINT` ili kurasa zilizo kwenye kumbukumbu ziandikwe kwenye diski wakati databesi bado inahudumia watu. Hilo hufupisha sana muda wa kuzima wenyewe. Kisha `pg_ctl stop -m fast`, inayowakatia wote waliounganishwa na kurudisha nyuma miamala isiyokamilika. Muda ukipita bila mafanikio, `-m immediate`, ambayo ni kukata ghafla. Databesi itafanya ukarabati ikiwashwa tena, lakini haitaendelea kuandika, na hilo ndilo ninalolitaka. Mwisho kabisa inauliza tena kwa `pg_ctl status`. Jibu likiwa 3, yaani haifanyi kazi, skripti inajibu 0. Likiwa lingine lolote, inajibu 1. Hakuna njia ya tatu, na hakuna `echo` mwishoni.

Hapo kuna mtego wa muda. Pacemaker, usipoiambia kitu, huipa kila kazi sekunde 20. `pg_ctl` nayo, usipoiambia kitu, husubiri sekunde 60. Ukiziacha zote mbili zilivyo, klasta itakata tamaa wakati `pg_ctl` bado inasubiri kwa utulivu, na `stop` itahesabiwa kuwa imefeli hata kama databesi ilikuwa inaelekea kuzima vizuri. Jumlisha muda wa hatua zako zote, ongeza nafasi ya kupumua, ndipo uandike namba kwenye mpangilio wa klasta. Ghalani kwetu nimeandika sekunde 180 kwa `stop`. Kuna mtu ataona ni nyingi. Siku ya mnada, diski ikiwa imeelemewa, si nyingi.

Kuhusu `monitor` niseme hivi. Ukimuuliza mlinzi kama mlango wa ghala umefungwa, ana majibu matatu ya kweli: umefungwa, uko wazi, au sijaufikia bado. Skripti nyingi nilizoziona zina majibu mawili tu, na lile la tatu hulazimishwa kuingia kwenye mojawapo. 7 ni ahadi nzito. Ukijibu 7 umeiambia klasta kwamba hapa hakuna kitu, iko huru kuwasha kwingine. Kama huna hakika, jibu 1, klasta itachukua njia ya tahadhari. Usijibu 7 kwa sababu tu muunganisho umekataliwa.

Kuna amri ndogo inayosaidia sana hapa, `pg_isready`. Inarudisha 0 databesi ikipokea watu, 1 ikiwa hai lakini inawakataa, 2 ikiwa kimya kabisa. Hiyo 1 ndiyo inayowachanganya watu. Baada ya umeme kukatika, PostgreSQL ikiwaka hupitia rekodi zake za WAL, yaani daftari lake la mabadiliko, na kujirekebisha, na wakati huo inakataa wageni. Iko hai na iko kazini. Skripti ikiita hali hiyo kifo, klasta itaizima na kuiwasha upya, itaanza kujirekebisha upya, itazimwa tena, na mzunguko huo unaweza kwenda mpaka asubuhi. Dawa yake iko kwenye `start`: isirudishe 0 mpaka databesi ianze kupokea watu, na ipewe muda mrefu wa kusubiri. `monitor` ya kila mara haianzi mpaka `start` imalize, kwa hiyo hapo unakuwa umefunga njia ya kuchanganyikiwa.

Kujua nani ni kuu na nani ni pacha, naiuliza databesi yenyewe: `SELECT pg_is_in_recovery()`. Ikisema ndiyo, huyo ni pacha, jibu 0. Ikisema hapana, huyo ni kuu, jibu 8. Nimeona watu wakiuliza swali zito zaidi, kama kuhesabu mizigo yote ya msimu, ili wahakikishe databesi ni nzima. Msifanye hivyo. Swali hilo litachelewa siku ya kazi nyingi, `monitor` itapitiliza muda, na klasta itaangusha databesi isiyo na ugonjwa wowote katikati ya foleni.

Mambo madogo nayapitia haraka. PostgreSQL inakataa kuendeshwa na root, yaani mtumiaji mwenye mamlaka yote kwenye mashine, na klasta huita skripti kama root, kwa hiyo tumia `runuser` kuingia kama mtumiaji postgres. Andika njia kamili za amri, kwa sababu mazingira ya klasta siyo yale unayoyaona ukiingia kwa terminali yako. Na tafadhali, `systemctl disable postgresql` kwenye seva zote mbili! Databesi inayojiwasha yenyewe mashine inapowaka haimwulizi mtu kama bado ni kuu. Klasta ndiyo iwashe, na iwe peke yake.

Ujumbe wa kwenye logi nimeuandika kwa Kiswahili. "Databesi haijazima baada ya sekunde 60, nakata ghafla." "Pacha amepotea, naendelea peke yangu." Anayekuwa zamu usiku mara nyingi ni kijana wa mizani, siyo mimi, na nataka akinipigia aweze kunisomea mstari bila kuhangaika herufi kwa herufi.

Sasa umeme, kwa sababu hapa ndipo vitabu vilivyoandikwa kwingine vinapotuacha. `stop` ikifeli kweli, au seva ikikatika kwenye neti isijulikane iko hali gani, klasta inayoheshimu data haikisii. Inaizimia umeme ile seva, kisha ndipo inampandisha pacha. Njia ya kawaida ni kupitia IPMI, kile kidude cha usimamizi kilicho ndani ya seva. Lakini kidude hicho kinakula umeme uleule wa seva. Kebo ya umeme ikichomoka au UPS ya upande ule ikifa, seva inakufa pamoja na kidude chake, na klasta inabaki inapiga hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Haipati uthibitisho, kwa hiyo haimpandishi pacha, na kazi imesimama ingawa pacha ni mzima. Wanaokutana na hali hiyo huishia kuzima kinga yote hiyo ya kuzimia seva umeme kwa `stonith-enabled=false`. Naelewa hasira inayowafikisha pale, ila nawasihi wasifanye hivyo.

Sisi tumetumia SBD, programu ya kinga hiyohiyo, na saa ya ulinzi iliyo kwenye mashine yenyewe. Seva ikijiona imebaki upande wenye kura chache, inaacha kuilisha ile saa, na saa inaiwasha upya kwa nguvu. Upande wenye kura nyingi unasubiri muda uliopangwa, na muda huo ukipita una hakika mwenzake hayupo. Hauhitaji kidude cha mtu kujibu. Sharti lake ni kura ya tatu, maana watu wawili wakitofautiana hakuna wingi. Kura yetu ya tatu ni kompyuta ndogo inayoendesha `corosync-qnetd`, haina data yoyote, nayo iko jengo lingine lenye umeme wake. Ukiiweka kwenye kabati moja na zile mbili umepoteza pesa.

Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam pale Somanga, diski niliyokuwa nimeagiza Kariakoo ilibaki njiani, na nikawa naendesha ghala kwa seva moja. Kabla barabara haijatulia, tarehe 12 mwezi huohuo, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikapata hitilafu na intaneti ikawa ya kubahatisha nchi nzima. Toka hapo vifurushi vyote vya programu ninavyohitaji kujenga nodi (seva moja ya klasta) upya viko kwenye diski hapahapa ofisini, pamoja na maelekezo yake. Klasta ya Mtwara ijengwe kwa hesabu kwamba msaada uko mbali.

Kipindi kile pia kilinipa jibu la mjadala wa kunakili. Kuna kunakili kwa kusubiriana, ambako seva kuu haimwambii karani "imehifadhiwa" mpaka pacha akiri kupokea. Na kuna kusikosubiriana, ambako kuu ikifa ghafla, miamala ya mwisho inaweza kufa nayo. Kwa kilo za watu, mimi ni wa kusubiriana. Lakini pacha akifa na wewe umebaki na masharti hayo, kila "hifadhi" inaganda, na karani anadhani mzani umeharibika. Kwa hiyo skripti inapoona pacha ametoweka, inaondoa jina lake kwenye `synchronous_standby_names` na kuamuru mpangilio usomwe upya, kitu ambacho hakihitaji kuzima databesi, kisha inapiga kelele kwenye logi na kwenye simu yangu. Pacha akirudi na kufikia mwenzake, sharti linarudishwa.

Mdogo wangu mmoja wa Lindi aliniuliza, "Dada, mbona kuna ajenti, yaani skripti ya klasta iliyokwisha tengenezwa, `ocf:heartbeat:pgsql`, na inafanya yote hayo? Kwa nini unajitesa?" Yuko sahihi, na ukianza leo anzia hapo. Au nenda Patroni, mfumo mwingine wa kusimamia PostgreSQL ya seva nyingi, kama una mashine za kutosha kuweka pembeni etcd, hifadhi ambayo Patroni huitegemea kujua nani ni kuu. Mimi niliandika yangu kwa sababu nina ile programu ya stakabadhi inayokaa humohumo kwenye seva, na inabidi izimwe kabla ya databesi. Ila hata ukitumia ya wenzako, ifungue uisome. Ni shell tu. Tafuta sehemu ya `stop` na uone inathibitishaje kwamba kilichozimwa kimezima.

Agosti, kabla ya korosho, tunafanya majaribio jioni malori yakiisha. Kijana wa mizani anakaa kwenye kompyuta yake na kuingiza mizigo ya uongo mfululizo, kila mmoja na kilo zake, huku akiziandika pia kwenye daftari kwa kalamu. Mimi niko kwenye kabati la seva. Naua mchakato mkuu kwa `kill -9`. Baadaye nachomoa kebo ya neti. Naichomoa kwa mkono, sishushi kadi kwa amri ya `ifdown`, kwa sababu Corosync huona kitu tofauti na kebo iliyokatika kweli. Baadaye nachomoa umeme. Kila mara tunatazama `crm_mon`, amri inayoonyesha hali ya klasta: kuu anapotea, saa inahesabu, pacha anapanda, anwani inahama. Kisha yeye anafungua daftari na kunisomea mstari kwa mstari, mimi nikilinganisha na databesi. Kila mzigo ambao kompyuta ilimjibu "imehifadhiwa" lazima niukute. Ambao haukujibiwa unaruhusiwa kukosekana, na anauingiza upya.

Kumrudisha aliyeanguka ni kazi ninayoifanya kwa mkono, na sitaki skripti iifanye. Naangalia kwanza kwa nini alianguka. Nalinganisha alipofikia na alipofikia mwenzake. Kama alikuwa na chochote ambacho pacha hakukipata, nakitoa na kukihifadhi pembeni kabla ya kugusa kitu, kwa sababu `pg_rewind`, zana inayomrudisha aliyeanguka alingane na mwenzake, itakifuta. Ndipo naendesha `pg_rewind`, ambayo inataka mpangilio wa `wal_log_hints` au hesabu za ukaguzi wa kurasa (data checksums) ziwe zimewashwa tangu mwanzo, naweka faili tupu la `standby.signal` linalomwambia awe pacha, nafuta kumbukumbu ya makosa kwa `pcs resource cleanup`, na yeye anaanza kumfuata mwenzake kama pacha. Sirudishi ukuu kwake. Aliyeshika anabaki ameshika mpaka kuwe na sababu nyingine ya kubadilishana.